Fuwele Zilizokataa Kufa Hewani

Siku niliyokabidhi funguo za maabara ya kemia hapa chuoni Mbulu, Dada Neema aliyezipokea alifungua droo ya tatu. Akakuta sumaku za kukorogea zimepangwa kwenye vikasha, kila moja na namba yake, na kando yake daftari linaloonyesha kila sumaku ilitumika lini, katika mchanganyiko gani, na ilioshwa na nani. Akaniuliza, "Mzee Tluway, kumbe sumaku nazo zina kadi ya kliniki?" Nikamwambia zinayo, na inahitajika. Watu walikuwa wanasubiri kukata keki ya kuniaga, kwa hiyo sikupata nafasi ya kueleza. Ninaeleza sasa, kwa ajili yake na kwa wengine watakaoshika zile funguo. Vyeo nilivyopata sitavitaja. Havikuwa vingi, na vyote vilifika vikiwa vimechoka na safari.

Kazi ya maabara niliianzia Basotu, kwenye chumba kimoja cha kupima udongo wa mashamba ya ngano. Mimi ni mtu wa Mbulu juu, nilikuwa sijazoea upepo wa tambarare ile, unaoingiza vumbi hadi kwenye sahani iliyofunikwa. Siku ya kwanza nilivaa koti jeupe nikitarajia kushika hadubini. Mkuu wa chumba kile, Mzee Hhando, alinipa beseni, brashi na rundo la chupa za kioo, akasema, "Osha." Nilipomaliza alichukua moja, akamimina maji safi ndani, akaigeuza juu chini. Matone yakabaki yamening'inia ukutani.

"Kioo safi hakibaki na matone," akasema. "Maji yanateremka yote kama utando mmoja. Hii ina mafuta ya vidole vyako. Rudia."

Nilirudia kwa wiki tatu. Nilidhani ananitesa kwa sababu ya koti langu. Kumbe alijua kwamba udongo ukikutwa na kitu ambacho hakikutoka shambani, mkulima ataambiwa uongo, na ataulima uongo huo msimu mzima. Siku moja aliniambia, "Boniface, mpimaji hadanganywi na udongo. Anadanganywa na chombo chake." Nikaliandika neno hilo kwenye jalada la daftari langu. Kuliandika hakukunipa shida yoyote.

Miaka mingi baadaye nilihamia chuoni Mbulu, nikiwa fundi sanifu wa maabara ya kufundishia. Kazi yangu ilikuwa kuandaa mazoezi ya vitendo ya wanachuo, kutengeneza mabomba ya sinki, na kuzuia watu wasile mihogo karibu na asidi. Ndipo alipokuja Daktari Amsi. Alikuwa mwenyeji wa hapa hapa, mrefu, wa sauti ya chini, aliyesomea ng'ambo aina ya misombo ya kemikali ambayo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuiona. Angeweza kubaki mjini. Alisema baridi ya Mbulu inamfaa yeye na inafaa fuwele.

Tulipofahamiana alinichorea ubaoni pete mbili bapa, moja juu na nyingine chini.

"Hizi ni pete za kaboni," akasema. "Kaboni tano kila moja. Katikati tunaingiza chembe moja ya metali. Waliozigundua wakaziita sandwichi."

"Kama nyama kati ya chapati mbili, Daktari."

"Ndiyo. Ila hapa chapati ndizo zinazoilinda nyama isiharibike."

Sandwichi ya chuma ndiyo mama wa familia hiyo. Ina rangi ya chungwa, ni imara, unaweza kuiacha mezani mwaka mzima ikakusubiri. Wanachuo wetu wa mwaka wa pili waliitengeneza kama zoezi la kawaida. Lakini ukiweka metali nyingine mambo hubadilika. Ile ya manganizi, ambayo ni jirani wa chuma kabisa kwenye jedwali la elementi, haitaki hata pumzi ya hewa. Ukifungua chupa inageuka kahawia kabla hujamaliza kutamka jina lake.

Kwa hiyo tulijenga mahali pa kufanyia kazi bila hewa. Tuliunga mabomba mawili marefu ya kioo, moja la kunyonya hewa, jingine la kuleta naitrojeni, na vali za kioo zinazokuwezesha kuchagua bomba lipi lifunguke kwenye chupa yako. Vali zile zilipakwa grisi, na grisi ikizidi inachafua kazi, ikipungua inavujisha. Mitungi ya naitrojeni ilitoka Arusha, na wakati wa masika gari likikwama njiani tulikaa siku nzima tukitazama geji ya mtungi wa mwisho ikishuka. Viyeyushi tulivikausha kwa kuvichemsha juu ya sodiamu na unga wa kiashiria hadi viwe buluu. Buluu ikififia, maji au hewa imeingia mahali, na hakuna anayezungumza hadi tujue ni wapi.

Nilipata fundisho langu mapema. Nilifuta kisu cha kukatia sodiamu kwa karatasi, nikaitupa kwenye ndoo ya taka ambayo ilikuwa na kitambaa kibichi. Ndoo ikawaka. Nilishika jagi la maji. Daktari Amsi alinishika mkono bila kupaza sauti, akasema, "Mchanga," akamwaga mchanga mwenyewe. Kisha akanionyesha jagi nililokuwa bado nimelishika. "Ungemwaga hilo, tungetafuta dirisha la kutokea." Kuanzia siku hiyo niliingia maabara ile kama mtu anayeingia zizini kwa fahali asiyemfahamu.

Theresia alikuja kwetu kufanya shahada ya uzamili chini ya Daktari. Alitoka Getanuwas, kwenye familia ya wafugaji wa Kidatoga, na alikuwa na mikono mitulivu kuliko yeyote niliyewahi kumfundisha. Nilimuuliza aliipata wapi. "Nimekamua ng'ombe wakali tangu nikiwa mdogo, baba," akasema. "Ukitetemeka unapigwa teke." Aliniita baba, na kila asubuhi shikamoo yake ilifika mlangoni kabla yake.

Kazi aliyopewa ilikuwa ngumu. Daktari alitaka pete zile ziongezwe matawi mazito pembeni, kisha zifungwe kwenye manganizi, ili aone kama matawi hayo yataizuia hewa kidogo. Theresia alitengeneza pete, akazigeuza kuwa chumvi kwa sodiamu, akaziongeza kwenye manganizi tone kwa tone chini ya naitrojeni. Mimi niliandaa vyombo. Ndani ya chupa, sumaku ndogo yenye umbo la yai ilizunguka ikikoroga. Tulikuwa na sumaku mbili za umbo hilo. Moja ilizunguka vizuri kuliko nyingine, basi nikawa nampa hiyo kila mara. Plastiki yake nyeupe ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Niliuona ufa ule. Nilijiambia nitaibadilisha tukipata nyingine.

Mara ya kwanza tulipata matope ya kahawia, na pembeni mwa kioo, fuwele chache za rangi ya chungwa. Theresia alipokuwa akizihamisha, vali moja ilitoa mlio mdogo, hewa ikaingia. Alifumba macho. Nami nilitazama chini, maana kazi ya wiki tano ilikuwa inakufa mbele yetu na sikutaka aone uso wangu.

"Baba," akasema alipoyafumbua. "Angalia."

Matope yalikuwa yameharibika zaidi. Fuwele zilikuwa vilevile. Tulisubiri dakika, tukasubiri saa. Daktari Amsi aliitwa, akavuta kiti, akakaa mbele ya kile kisahani kama mtu anayesubiri habari za wodini. Kesho yake asubuhi zilikuwa bado zina rangi ya chungwa.

"Hazijafa," Theresia akasema.

"Hazijafa," Daktari akarudia. Sauti yake haikuwa ya chini siku hiyo.

Sandwichi ya manganizi inayoishi hewani. Sijui niwaelezeje uzito wake. Ni kama mtu akwambie amefuga samaki ghalani. Theresia alirudia mara mbili zaidi, na kila mara zilitoka fuwele chache, zote pamoja hazikufika robo ya kijiko cha chai. Daktari alianza kuandika makala, na jarida moja la ng'ambo likaikubali.

Dalili za kutuonya zilikuwepo, wala hazikujificha. Tulituma fuwele mjini zipimwe uzito wa molekuli. Jibu lilirudi limezidi kwa moja tu. Chuma na manganizi vimepishana uzito kwa moja tu. Daktari alisema mashine ile ni kuukuu, au hidrojeni moja imejipenyeza. Tena kuna jambo la sumaku. Manganizi katika sandwichi ina elektroni isiyo na mwenzake, na kitu cha namna hiyo kikining'inizwa kwa uzi karibu na sumaku yenye nguvu lazima kiegemee upande wake. Theresia alizining'iniza ndani ya kineli, kijibomba chembamba cha kioo. Hazikusogea. Aliandika hivyo hivyo katika daftari lake: hazikusogea. Daktari alisema pengine molekuli mbili zimeungana, elektroni zimepata wenza, na hilo ni la ajabu zaidi. Alikuwa mtu mwerevu sana, ndiyo maana kila dalili aliipatia maelezo.

Kisha likaja boksi la sumaku mpya. Nikampa Theresia mpya, ile yenye ufa nikaitupa kwenye droo. Alirudia jaribio kwa sababu wageni kutoka chuo kikuu kinachotusimamia walikuwa wamesema watakuja kuona kwa macho yao kabla mradi haujaongezewa muda. Akapata matope matupu. Akarudia, akapata matope. Mara ya tatu, matope.

Daktari Amsi alibadilika. Alianza kusimama nyuma yake akitazama mikono yake. Alimuuliza grisi amepaka kiasi gani, kiyeyushi amekikausha siku ngapi, mambo ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Baada ya jaribio la tatu alimuuliza mbele yangu, taratibu, swali ambalo lilikuwa baya zaidi kwa sababu ya upole huo.

"Theresia, zile fuwele za kwanza ulizitoa wapi?"

Alielewa mara moja. Kwenye kabati la wanachuo wa mwaka wa pili kulikuwa na fuwele nyingi za rangi hiyo.

"Nilizitoa ndani ya chupa ile, Daktari. Baba Tluway alikuwepo."

"Basi kwa nini hazirudi?"

"Sijui."

"Wageni wanakuja Alhamisi ijayo. Zisiporudi, nitalazimika kuandika kwamba matokeo yako hayawezi kuthibitishwa. Unajua maana yake."

Alijua. Mtu akiandikiwa hivyo, hakuna chuo kitakachompokea tena. Theresia aliinama akaendelea kuosha chupa yake. Aliiosha kama nilivyofundishwa mimi Basotu, akaigeuza, maji yakateremka kama utando. Nilisimama pale na mikono mifukoni. Nilikuwa nimeona kila hatua aliyofanya, na nilijua hakuiba kitu.

Jibu la swali la Daktari nililipata Jumamosi asubuhi, nikisafisha droo. Nilikusanya sumaku kuukuu zote, nikazitia kwenye kikombe cha asidi kama kawaida yangu, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, asidi ilikuwa na rangi ya njano. Nikazitoa moja moja na kuweka kila moja kwenye kikombe chake chenye asidi mpya. Vyote vilibaki vyeupe isipokuwa kimoja. Katika kikombe hicho, kutoka kwenye ule ufa mwembamba, uzi wa njano ulikuwa unashuka polepole hadi chini.

Nikavuta stuli, nikakaa. Moyo wa sumaku zile umetengenezwa kwa mchanganyiko wenye chuma. Kila nilipoiloweka kwenye asidi ili iwe safi, asidi iliingia kwenye ufa, ikala chuma, na chumvi ya chuma ikabaki humo ikisubiri. Theresia alipoiweka katika mchanganyiko wake, chuma kilitoka kidogo kidogo, pete zikakidaka. Manganizi ilikufa kama ilivyo desturi yake, ikawa matope. Kilichobaki kilikuwa sandwichi ya chuma, ile ile isiyoogopa hewa. Na mwenye kuileta humo alikuwa mimi, kwa kuosha kwangu.

Lakini hilo lilikuwa wazo tu. Kulithibitisha kulihitaji fuwele zenyewe, na zilizobaki zilikuwa kwenye kichupa ndani ya kabati la Daktari. Ufunguo wa akiba nilikuwa nao mimi. Katika kazi yangu yote sijawahi kufungua kabati la mtu bila ruhusa, kabla ya siku ile wala baada yake. Nilifungua. Nilichukua fuwele tatu, kila moja kama punje ya ulezi, kwa ncha ya kijiko cha plastiki. Mkono wangu ulitetemeka. Kama ningekuwa nakamua, ningepigwa teke.

Kipimo chenyewe kila aliyesoma kemia kidato cha sita anakijua. Nilizichemsha fuwele kwenye asidi kali ndani ya kabati la kutolea moshi hadi zikasambaratika, nikakausha, nikaongeza asidi nyepesi na maji safi. Pembeni niliandaa testityubu nyingine ya vitu vyote hivyo bila fuwele, ili nisije nikalaumu fuwele kwa kosa la maji. Kisha katika kila moja nikatia matone mawili ya thiosayaneti, dawa inayogeuka nyekundu ikikutana na chuma. Ile isiyo na fuwele ilibaki kama maji. Ile yenye fuwele ikawa nyekundu kama damu ya shingoni.

Nilisimama nazo muda mrefu. Ukweli ni kwamba niliwaza kuzimwaga. Wageni wangekuja, ningeirudisha sumaku yenye ufa kwenye chupa ya Theresia bila kumwambia mtu, fuwele zingetoka, Daktari angefurahi, naye Theresia angepata shahada yake. Wote wangeokoka. Uongo ule ungekuwa umekamilika kila upande, na hakuna ambaye angewahi kuniuliza kitu. Niliziweka testityubu zote mbili kwenye raki, nikazifunika kwa bati, nikafunga mlango.

Jumatatu nilimfuata Daktari ofisini kwake. Nilibeba raki na kikombe chenye sumaku. Nilimweleza yote, kuanzia ufa. Alisikiliza akitazama testityubu nyekundu.

"Nani alikuruhusu kufungua kabati langu?" akauliza.

"Hakuna, Daktari."

"Ulizichukua ngapi?"

"Tatu."

"Umeharibu ushahidi ambao hauwezi kurudishwa, kwa kipimo cha kidato cha sita, katika chombo ambacho wewe mwenyewe unakiri huwa huoshi sawasawa."

"Niliweka na ya kulinganisha. Hiyo hapo nyeupe."

"Weka funguo mezani, Boniface."

Niliziweka, raki na kikombe nikaviacha hapo hapo. Hakuniita Mzee Tluway kama siku zote, aliniita kama mtoto. Nilikuwa nimefika mlangoni aliposema tena, bila kugeuka, "Umemwambia Theresia?"

"Bado."

"Usimwambie."

Nilimwambia. Nilimkuta siku ya pili sokoni akinunua vitunguu, na sikuweza kumpita na jambo lile. Nilimweleza tukiwa tumesimama kati ya mafungu ya viazi. Hakulia. Aliuliza swali moja tu la kikemia, kama niliweka ya kulinganisha, nikamwambia niliweka.

"Kwa hiyo sikukosea," akasema.

"Hukukosea. Mimi ndiye niliyekosea."

"Lakini pia sijagundua kitu."

"Hapana, mwanangu."

Alizisogeza fedha za vitunguu kwenye kiganja cha muuzaji. "Ile siku ya uzi," akasema, "nilipoandika hazikusogea, nilijua. Niliogopa tu kujua kabla ya Daktari."

Alhamisi wageni walifika, watu watatu, wakiongozwa na profesa mmoja, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Mimi sikuwa na funguo, ila hakuna aliyenikataza kusimama mlangoni. Theresia alikuwa ndani amevaa koti lake, amenyooka. Daktari Amsi alikuwa hajanisemesha mimi wala Theresia tangu Jumatatu. Aliwasalimu wageni, akawaonyesha mabomba ya kioo, akawaonyesha mitungi. Kisha akasimama mbele ya meza ambapo alitakiwa kuanza maelezo, na hakuanza.

"Mzee Tluway," Daktari akaita. "Tafadhali lete thiosayaneti."

Nilipita katikati ya watu nikiwa na ile chupa. Alikuwa ameandaa kila kitu mwenyewe: fuwele zimeshachemshwa na kukaushwa, testityubu ya kulinganisha ipo, na kando yao testityubu ya tatu yenye asidi iliyolowekewa ile sumaku. Alitia matone matatu matatu. Moja ikabaki nyeupe. Mbili zikawa nyekundu, rangi moja.

Profesa alivuta miwani usoni, akainama, akatazama. "Daktari, ulituambia ni manganizi."

"Niliwaambia hivyo. Ni chuma. Kilitoka kwenye sumaku yenye ufa. Jana niliandikia jarida waiondoe makala." Akageuka. "Theresia alirudia jaribio hili mara tatu kwa sumaku nzima, na mara zote tatu akapata kile ambacho kemia inataka. Mimi nikamwambia mikono yake ina kosa. Nasema mbele yenu kwamba haikuwa na kosa. Aliandika hata kipimo cha uzi kama kilivyokuwa, nami nikakitafutia kisingizio."

Theresia alitazama meza.

"Na nani aligundua kuwa ni chuma?" profesa akauliza.

"Fundi wangu. Bila ruhusa yangu."

Sikujua hiyo ilikuwa sifa au shtaka. Hata leo sijui vizuri.

Mambo hayakuisha kama katika hadithi za kanisani. Mradi haukuongezewa muda. Uprofesa ambao Daktari Amsi alikuwa akiusubiri haukuja, na makala iliyoondolewa ilimfuata kila alipoomba kitu. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kufungua kabati, na ilikuwa barua ya haki, nimeitunza. Karibu mwezi mzima tulizungumza mambo ya lazima tu. Kisha asubuhi moja aliniwekea mezani funguo, vikasha na daftari jipya. "Zipe sumaku namba," akasema. "Zote. Na vijiko pia." Tukaanza tena kufanya kazi.

Theresia alikataa kubadilisha mada, ingawa alishauriwa na wengi. Alisema anaitaka manganizi yenyewe. Alifanya kazi kwa mwaka na zaidi, na mitungi tuliyobakiwa nayo, akitumia mfuko mkubwa wa plastiki wenye glovu tulioutengeneza wenyewe kwa gundi na utepe. Mara nne alipoteza kila kitu kwa uvujaji mdogo. Mara ya tano alipata fuwele za rangi ya asali, akazifunga ndani ya vineli viwili vya kioo kwa moto, naitrojeni ikiwa ndani.

Siku ya kumtahini alikuja yule yule profesa. Theresia alikining'iniza kineli kimoja kwa uzi karibu na sumaku kubwa. Wote tulisimama kuizunguka meza. Kineli kilitulia, kisha kikaegemea polepole upande wa sumaku, kikabaki kimeegemea hapo.

"Vipimo vyote vinakubali," profesa akasema. "Lakini kuna watu watakumbuka zile za kwanza. Nitawaambia nini?"

"Waambie mliziona hizi zikifa hewani," Theresia akajibu.

Alikuwa na vineli viwili tu. Alichukua kimoja, akakikwaruza shingoni kwa tupa, akaweka saa yake ya mkono mezani, akakivunja. Kwa kitambo kidogo asali ilikuwa bado asali. Kisha wingu la kahawia lilianzia pale kioo kilipovunjika, likapita katikati ya fuwele, likazimaliza. Daktari Amsi alikuwa amesimama kando yangu. Alivua miwani, akaendelea kutazama ule uchafu hata baada ya kukosa cha kutazama.

"Ndiyo yenyewe," akasema kwa ile sauti yake ya chini.

Theresia alikuwa ameshachukua kalamu. Aliinama juu ya daftari na kuandika muda: sekunde nne.